Lamar Stroud wa Nne

Emmeline Stroud alikuja na kapu la mapichi na kicheko chake, akaketi barazani kwa Bi Maudelle Cartledge kama alivyozoea tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Masomo alikwisha maliza. Sasa alikuwa anaolewa, mwezi wa Oktoba, papo hapo Ashby, mji uliompa shahada na mchumba kwa mkupuo mmoja. Alikuja na ombi.

"Bi Maudelle, wageni wetu wengi wanatoka Minnesota, kwa kina mama. Huku Kusini hawakujui hata kidogo. Wanadhani tunalala na mamba chini ya kitanda. Sasa Ijumaa, kabla ya arusi, nataka uwatembeze mji mzima. Kanisa la mnara uliopinda, majumba ya nguzo, makaburini kwa Rais wa chuo na nyumbu wake. Kila kitu. Ukisimulia wewe inanoga."

"Nitawatembeza, mwanangu. Hukuwa na haja ya kunihonga mapichi."

"Na mdogo wangu naye hajawahi kufika huku, hata siku ya mahafali yangu alikuwa na mitihani. Utampenda. Mrefu, mpole, haongei. Anaitwa Lamar. Lamar Stroud wa Nne! Usicheke. Kwetu majina yanakwenda kwa hesabu."

Bi Maudelle hakucheka. Pichi alilokuwa akilimenya lilimponyoka, likabiringika mpaka ukingoni mwa baraza, na kisu kikabaki mkononi. Emmeline aliinama kuliokota, kwa hiyo hakuuona uso wa mwenyeji wake. Alipoinuka, uso ulikwisha rudi mahali pake.

"Jina zuri," alisema Bi Maudelle. "Kula pichi."

Sasa hapa ni lazima isemwe jambo ambalo mji mzima wa Ashby ulilijua, isipokuwa msichana huyu. Bi Maudelle alikuwa mke wa kwanza wa baba yake. Lamar Stroud wa Tatu alimwoa katika bustani ya Hoteli ya Magnolia, akazaa naye mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina na namba iliyofuata, kama kina Stroud walivyofanya tangu zamani. Lamar Stroud wa Nne. Alikuwa na masikio makubwa, na alikuwa akilala na kofia ya baba yake.

Alipotimiza miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Baba yake siku hiyo alikuwa Tennessee, amefuatana na timu ya chuo. Mpira wa kwao, ule wa kubebwa mikononi na kuvunjana mbavu, watu wa Ashby wanauabudu kuliko wanavyokiri kanisani. Maudelle alipiga simu mpaka akampata. Lamar akajibu, "Mchezo ukiisha nakuja." Mchezo uliisha, timu ilishinda, ushindi ukasherehekewa. Alifika asubuhi, kofia ya timu kichwani, na mtoto alikwisha fungwa shuka. Wiki chache baadaye alihamia Kaskazini. Hakungoja hata jiwe la kaburi lichongwe.

Kwa nini basi Emmeline hakuambiwa kwa miaka yote aliyosoma pale? Kwa sababu watu wa Ashby wana adabu za kuudhi. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha mwambia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutia kidole katika kidonda cha mtu. Walimpikia, walimkumbatia, wakamsifu kidevu chake cha Kistroud, halafu wakazungumzia hali ya hewa. Bi Maudelle naye alinyamaza. Alimpenda msichana, na aliona kuwa kumwambia ni kazi ya baba yake.

Kuondoka, alikwisha kumeza. Kuoa tena, heri yake. Kuzaa tena, Mungu amkuzie. Lakini namba! Mtu huyu alizaa mtoto mwingine wa kiume huko kwenye theluji, akamwita wa Nne, bila haya, kana kwamba yule wa kwanza alikuwa kosa la hesabu la kufutwa na kuandikwa upya. Bi Maudelle alipobaki peke yake barazani alilichukua kapu la mapichi, akayatupa yote bustanini, moja moja, kwa nguvu. Jirani alichungulia dirishani, kisha akafunga pazia kwa adabu.

*

Mwezi mmoja kabla ya arusi, Lamar Stroud wa Tatu alitokea mwenyewe. Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, na magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo.

"Maudelle."

"Lamar. Nauona udongo magotini. Ama umezika kitu, ama umetubu, na la pili silisadiki."

Alijaribu kucheka. "Chupa ya wiski. Nimeizika pale Magnolia. Unajua desturi."

Aliijua, ni nani huko asiyeijua? Mwezi mmoja kabla ya arusi unazika chupa kichwa chini pale pale watakaposimama bwana na bibi, na mvua haitanyesha siku hiyo. Kisha wenyewe wanaifukua mbele ya wageni na kuinywa.

"Hata sisi tulizika," alisema Bi Maudelle. "Mvua haikunyesha. Ilitungoja mbele."

Lamar alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Nimekuja kukuomba. Mke wangu Kirsten hajui. Watoto hawajui."

"Hawajui nini?"

"Mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani yana jina, Lamar. Litaje."

Lamar alitazama mti wa magnolia ulioko mbele ya nyumba. "Usiwapeleke makaburini."

"Binti yako ameyataja makaburi kwa kinywa chake. Hata alipokuwa mwanafunzi nilimtembeza huko. Nikiyaruka ataniuliza kwa nini. Nimjibuje?"

"Basi usiseme neno. Niahidi tu hilo. Kuhusu sisi, kuhusu... kuhusu yeye. Neno lolote."

Hapo Bi Maudelle akaona kwamba mtu huyu hajawahi kukanyaga pale kaburini tangu siku ya mazishi. Hakumbuki tena kaburi liko wapi hasa, wala hajui kwenye jiwe kumeandikwa nini.

"Nakuahidi," alisema. "Kuhusu mtoto, kinywa changu hakitatoa hata neno moja."

Lamar alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakamlengalenga. "Siku zote ulikuwa mwanamke mwema, Maudelle."

Laiti angenyamaza. Bi Maudelle aliuosha ule mkono kwa sabuni mara tu gari lilipotoka langoni.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya matembezi, alipanda kilimani makaburini na ndoo, brashi ngumu na kijiti cha kuchokolea. Jiwe la mwanawe liko nyuma ya kaburi la Rais wa kwanza wa chuo, dogo, limeinama kidogo. Kwa miaka mingi alikuwa ameliacha lifunikwe na kuvu na majani ya kutambaa. Hakuliacha kwa uvivu. Maneno aliyoyachongesha siku zile za hasira yalikuwa yakimuumiza yeye mwenyewe kila alipoyasoma, na kuvu lilipoanza kuyafunika aliona afadhali.

Alipiga magoti akasugua. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani, ya pili ya kahawia. Alichokoa kila herufi kwa kijiti, akikata mizizi iliyojipenyeza, akinung'unika maneno ambayo mwimbaji wa kwaya ya kanisa hapaswi kuyajua. Mikono ilimuuma, kiuno kikamkataa, na hakupumzika. Alipomaliza, jiwe lilikuwa jeupe, na maandishi yalisomeka tangu njiani. Alilitazama akasikia raha, raha chungu ya mtu aliyenoa kisu vizuri.

*

Ijumaa basi la matembezi lilijaa. Lamar wa Tatu alikaa kiti cha mbele kabisa, pembeni ya Bi Maudelle, kumlinda. Mkewe Kirsten, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuona mbali, alikaa nyuma yao na Emmeline.

Bi Maudelle alikuwa motomoto. Aliwaonyesha kanisa la mnara uliopinda, akasema fundi alikuwa mlevi, na kwamba waumini walikataa kuunyoosha kwa sababu ndio pekee ulioonekana kuinama mbele ya Mungu. Aliwaonyesha nyumba ya nguzo ambayo mmiliki wake aliuza kila kiti cha ndani ili apake nguzo rangi. Aliwanunulia karanga za kuchemsha, na mjomba mmoja wa Minnesota akazitafuna na maganda yake.

"Si hivyo, bwana wangu! Ganda linatemwa!"

"Mbona ni tamu hivi hivi?" akajibu mjomba, na basi zima likaangua kicheko.

Aliyembebea mkoba wake kila waliposhuka alikuwa yule kijana, mdogo wake Emmeline. Alikuja bila kuitwa. "Nipe nikusaidie, Bi Maudelle," alisema, na alipoinama kuupokea, Bi Maudelle akayaona masikio yake. Makubwa, yamechomoza. Alikuwa amejiandaa kumchukia kijana huyu. Masikio yale yalimharibia mpango, maana hakuwa na kosa lolote ila jina alilobandikwa. Na Emmeline je, arusi yake kesho? Waliporudi kwenye basi, Bi Maudelle alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza alifikiria kuwaambia wageni kuwa jua ni kali, makaburini watakwenda siku nyingine.

Lamar wa Tatu akadhani ule ukimya ni utiifu. Moyo wake ukatulia. Akasimama, akashika kipaza sauti, maana alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa.

"Jamani, hata mimi ni mtoto wa mji huu! Nimesoma hapa, nimeshangilia hapa. Nikaondoka na begi moja. Sikuacha kitu Ashby isipokuwa ujana wangu!"

Wageni wakapiga makofi. Bi Maudelle alimgeukia dereva.

"Kilimani," alisema. "Makaburini."

*

Walisimama mbele ya kaburi kubwa la Rais. Bi Maudelle aliwasimulia jinsi mzee yule alivyotaka azikwe na nyumbu wake, wakuu wa chuo wakakataa, na mjane akawaambia kuwa huyo nyumbu ndiye pekee pale chuoni ambaye hakuwahi kukosa kipindi. Wakacheka.

"Nyumbu mwenyewe amechongwa upande wa nyuma," alisema, kama alivyosema kwa kila mgeni aliyewahi kumleta. "Zungukeni mkamwone."

Wakazunguka. Wakamwona nyumbu, wakampiga picha. Kijana mrefu mwenye mkoba hakumtazama nyumbu. Alikuwa amesimama mbele ya jiwe dogo jeupe, na midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Lamar Stroud wa Nne," alisoma kwa sauti. Akageuka. "Baba, hapa pameandikwa jina langu."

Picha zilikoma. Lamar wa Tatu alikuja mbio, akalitazama jiwe, akamtazama Bi Maudelle, akatoa leso akajifuta shingo.

"Ni mtu wa ukoo," alisema. "Binamu. Ukoo wetu mkubwa, majina yanajirudia."

Binamu! Bi Maudelle alijiuma ulimi mpaka akaonja damu. Kirsten alikuwa amekwisha sogea, ameinama juu ya jiwe, na alisoma mstari wa pili polepole.

"Mwana wa Lamar na Maudelle." Akainuka. "Maudelle ni wewe."

"Ni mimi."

"Huyu ni nani?"

"Mume wako alinijia nyumbani, akaniomba nisitoe neno kuhusu mtoto huyu. Nikamwahidi. Siwezi kuvunja ahadi mahali kama hapa. Mwulizeni mwenyewe."

Emmeline aliweka mkono mdomoni. Wageni walitazama viatu vyao, lakini hakuna hata mmoja aliyeondoka.

"Baba?" alisema kijana.

"Alikuwa mdogo," alisema Lamar. "Ilikuwa zamani. Alikuwa mdogo tu."

"Wa miaka mingapi?"

"Miwili. Mitatu... miwili na kitu."

Kijana alihesabu tarehe zilizoko kwenye jiwe. "Mitatu," alisema. Kisha akasoma mstari wa mwisho, ule ambao Bi Maudelle aliuacha ukafunikwa na kuvu. "*Alikuwa akimngoja baba yake*. Alikuwa anakungoja wapi?"

"Hospitali."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Chini ya kilima, uwanjani, bendi ya chuo ilikuwa inafanya mazoezi, na wakati huo huo ngoma kubwa zikaanza kupigwa, wimbo wa timu. Kichwa cha Lamar kikageuka kuelekea uwanjani. Kiligeuka chenyewe tu kwa mazoea, kisha akakumbuka alipo, akakirudisha. Lakini watu wote walikwisha ona.

Bi Maudelle akacheka. Alicheka kwa sauti, pale makaburini, mpaka machozi yakamtoka, na hakuona aibu. Hata angelipewa nafasi ya kuhutubia taifa zima, asingelieleza vizuri hivyo.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Kirsten alipogonga mlango wa Bi Maudelle. Alikataa kuketi. Alikataa hata chai baridi ya sukari, jambo ambalo huko ni karibu na tusi.

"Sikuja kukuomba radhi," alisema. "Wala sikuja kukulaumu, ingawa ungeweza kuchagua siku nyingine."

"Ningeweza," alikubali Bi Maudelle.

"Mwanangu nilitaka aitwe Henrik, jina la baba yangu. Lamar alilia. Alipiga magoti kando ya kitanda cha uzazi akalia, akasema ameota maisha yake yote kupata mtoto wa kumpa namba ile. Nikamwonea huruma." Alipiga hatua kuelekea mlangoni, akarudi. "Nikamwonea huruma! Kesho utakaa meza ya mbele, kiti cha kushoto kwake. Mimi nitakaa kulia."

"Ni arusi ya binti yako, Kirsten. Sitaki kumharibia."

"Unadhani nani amenituma?"

*

Mvua haikunyesha. Chupa ilifanya kazi yake. Bwana na bibi arusi waliifukua kwa sepeto lenye utepe, watu wakashangilia, na karamu ikaandaliwa nje, kwenye nyasi, mahali ambapo kila mtu alimwona kila mtu. Bi Maudelle alivaa gauni lake la zambarau na kofia ya majani. Lamar alikaa katikati ya wake zake wawili, hakugusa nyama wala mkate. Alijaribu mara moja kunong'ona.

"Uliniahidi, Maudelle."

"Na nimetimiza. Kula, chakula kinapoa."

Watu wa Ashby walikuwa wamealikwa wengi, na wote walizungumzia hali ya hewa, jinsi ilivyokuwa nzuri, huku macho yao hayabanduki kwenye meza ya mbele.

Ulipofika wakati wa kumpongeza bibi arusi, mdogo wake alisimama na glasi. Kijana asiyeongea. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Wengi mmenijua kwa jina la Lamar Stroud wa Nne," alisema. "Jana nimekutana na mwenye jina hilo. Yeye alitangulia. Dada yangu na mimi tumekubaliana kwamba leo aingie kwenye familia, kama shemeji yangu Whit anavyoingia. Mimi kuanzia leo ni wa Tano. Naomba msimame, tumnywee kaka yetu. Lamar wa Nne."

Viti vilikwaruza, watu wakainuka. "Lamar wa Nne," walisema watu wa Minnesota. "Lamar wa Nne," walisema watu wa Ashby, na bibi kizee mmoja aliyewahi kumlea mtoto yule Jumapili kanisani akalisema huku analia. Bi Maudelle alikuwa hajasikia watu wakilitaja jina hilo kwa kumkumbuka mwanawe tangu mazishi.

Lakini hakunywa. Alimgeukia mwanamume aliyesimama kuliani kwake, glasi ameiinua mpaka kifuani, midomo imecheza kidogo bila sauti.

"Sijakusikia," alisema Bi Maudelle.

"Nimesema."

"Sijakusikia, Lamar."

Kirsten, upande wa pili, alikuwa anamtazama mumewe bila kupepesa.

"Lamar," alisema Lamar Stroud wa Tatu. "Lamar wa Nne."

"Kwa sauti. Yuko kule kilimani, hapa ni mbali."

Bustani nzima sasa ilikuwa kimya, na bibi arusi mwenyewe amesimama na shela lake, anangoja. Lamar alitazama huku na huku, hakuona wa kumwokoa. Akavuta pumzi, akalipaza jina la mwanawe mpaka sauti ikamkatika katikati, ikabidi aanze tena. Bi Maudelle alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua glasi yake, akanywa yote, akaketi.

"Litaje tena," alisema.